Lugha ya Kompyuta Inaweza Kuwa na Mwenyewe? Kisa cha dBASE, Clipper na Harbour

Kama umesoma jiografia, mipango miji au kilimo chuoni, huenda umeshakutana na kituko hiki. Unafungua ramani kwenye QGIS, unaongeza safu mpya kwenye jedwali, unaiita "idadi_ya_kaya", kisha unahifadhi kama shapefile. Ukija kufungua kesho yake, jina limekatwa: "idadi_ya_k". Unabaki unajiuliza, nani kanikatia jina langu?

Hebu angalia folda yako. Shapefile si faili moja. Kuna .shp, kuna .shx, na kuna moja inayoishia na .dbf. Hiyo .dbf ndiyo iliyobeba jedwali. Muundo wake ulirithiwa kutoka dBASE, programu ya hifadhidata iliyotamba miaka ya 1980, enzi ambazo kompyuta ndogo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, yaani pungufu kabisa ya picha moja unayopiga kwa simu leo. Kila kitu kilibanwa. Jina la safu likapewa nafasi ya herufi 10, basi. Miaka zaidi ya 40 baadaye, wewe bado unalipa deni hilo.

Lakini leo sikuandikii kwa sababu ya herufi 10. Nakuandikia kwa sababu nyuma ya faili hiyo ndogo kuna ugomvi mkubwa, na ugomvi huo una maswali mawili ambayo yanakuhusu hata kama hujawahi kuiona dBASE kwa macho. La kwanza: lugha ya kompyuta inaweza kuwa na mwenyewe? La pili: ukitumia kompaila ya bure na huria, programu inayotoka humo ni ya nani?

Twende taratibu.

Yote yalianza na mkeka

Pasadena, California, kuna maabara ya JPL inayoiendeshea NASA vyombo vya angani. Miaka ya 1970 wafanyakazi wa hapo walikuwa na programu ya kutunza na kutafuta kumbukumbu, ikiitwa JPLDIS. Ilikaa kwenye UNIVAC 1108, kompyuta ya kujaza chumba. Jack Hatfield aliianza, Jeb Long akaiendeleza. Na wao hawakuitoa hewani: wazo walilichota kwenye programu nyingine, RETRIEVE, ya kampuni ya Tymshare. Shika hapo, tutarudi.

C. Wayne Ratliff naye alikuwa akifanya kazi JPL. Mwaka 1978 alikuwa anataka kushinda ubashiri wa mechi za mpira wa Kimarekani ofisini kwao. Kwa lugha ya mtaani kwetu, jamaa alikuwa anasuka mkeka. Akatandaza magazeti sakafuni akitafuta takwimu za timu, akaona kazi ni pevu, akaamua kompyuta imsaidie. Nyumbani alikuwa na IMSAI 8080, kompyuta ya kuunganisha mwenyewe. Akaanza kuandika programu ya hifadhidata akifuata mtindo wa JPLDIS aliokuwa anaufahamu. Mpira wenyewe akausahau. Programu akaiita Vulcan.

Mwaka 1980 George Tate na Hal Lashlee wakaichukua waiuze. Wakaibatiza dBASE II. Usihangaike kutafuta dBASE I, haikuwahi kuwepo. Namba mbili iliwekwa ili bidhaa ionekane imekomaa. Kampuni ikaitwa Ashton-Tate. Ashton naye usimtafute, hakuwepo pia.

Utamu wa dBASE ulikuwa kwenye amri zake. Mhasibu wa kawaida aliweza kuketi na kuandika:

USE WATEJA
LIST FOR DENI > 5000

Yaani fungua faili la wateja, nionyeshe wote wanaodaiwa zaidi ya 5000. Ukiziandika amri hizo kwenye faili moja, tayari una programu. Watu ambao hawakuwahi kusomea kompyuta wakajikuta wanaandika mifumo ya mishahara, ya stoo na ya hospitali. Hilo ndilo lililoifanya dBASE kuwa kitu kikubwa: ilikuwa programu, ikageuka kuwa lugha.

Mkalimani na mfasiri

Tatizo ni kwamba dBASE ilifanya kazi kama mkalimani. Mkalimani anasikia sentensi, anaitafsiri papo hapo, anasubiri inayofuata. Asipokuwepo, mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo ukiandika mfumo wa duka ukamuuzia mteja, naye alilazimika kuwa na dBASE kwenye kompyuta yake. dBASE II iliuzwa dola 695. Si mchezo.

Kompaila ni mfasiri wa vitabu. Anachukua kitabu chote, anakitafsiri mara moja, anakukabidhi nakala iliyokamilika. Baada ya hapo humhitaji tena. Mwaka 1985 kampuni iitwayo Nantucket, iliyoanzishwa na Barry ReBell na Brian Russell, ikaleta mfasiri huyo. Uliandika kwa lugha ileile ya dBASE, ukaipitisha, ukapata faili la .exe unaloweza kumpa mteja kwenye disketi. Bidhaa hiyo waliiita Clipper, jina la merikebu za matanga zilizosifika kwa kasi.

Na Nantucket hawakuwa peke yao. Fox Software walikuja na FoxBASE, iliyosoma programu za dBASE na kuziendesha kwa haraka zaidi. Sasa jiweke kwenye viatu vya Ashton-Tate. Wewe ndiye uliyeitangaza lugha, ukaisambaza, ukaifundisha dunia. Halafu wengine wanakuja kuuza mashine zinazoielewa lugha yako, na hawakulipi hata senti. Ungefanyaje?

Mahakamani

Novemba 1988 Ashton-Tate waliishtaki Fox Software kwenye mahakama ya shirikisho huko Los Angeles, pamoja na kampuni ya Santa Cruz Operation iliyokuwa ikiuza FoxBASE. Hoja yao ni kwamba amri zile, mpangilio ule, muundo ule wa mafaili, vyote ni vyetu kwa sheria ya hakimiliki.

Jiulize maana yake. Kama lugha ni mali ya mtu, basi maelfu ya watu walioandika mifumo yao kwa lugha hiyo wanaishi kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe, kwenye kiwanja cha mwingine. Mwenye kiwanja akitaka, anafunga geti.

Tarehe 11 Desemba 1990 Jaji Terry Hatter akatoa uamuzi uliowashtua wengi. Alisema hakimiliki ya Ashton-Tate haina nguvu. Si kwa sababu lugha haiwezi kumilikiwa, hapo hakugusa. Ilikuwa ni kwa sababu kampuni ilipoisajili dBASE haikueleza kwamba ilitokana na JPLDIS, programu iliyotengenezwa kwenye maabara ya serikali na iliyokuwa mali ya umma. Unaikumbuka ile JPLDIS tuliyoishika pembeni? Ndiyo hiyo imerudi.

Aprili 1991 jaji huyohuyo akaufuta uamuzi wake, kesi ikawa inarudi mwanzo. Kabla haijafika popote, Borland wakatangaza kuinunua Ashton-Tate. Wizara ya Sheria ya Marekani, ikiogopa kampuni moja isije ikalishika soko zima, ikaweka sharti: Borland wasiwabane washindani kwa madai ya hakimiliki juu ya amri, lugha na muundo wa mafaili ya dBASE. Kesi ikafa hapo.

Kwa hiyo swali letu la kwanza, lugha ni ya nani, mahakama ile haikulijibu. Geti lilibaki wazi kwa sababu ya mkataba wa biashara, kanuni ya sheria haikuwekwa.

Jibu la wazi lilikuja Ulaya baadaye sana. Tarehe 2 Mei 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming. SAS nayo ni lugha ya kuchakata data, ya zamani kiasi, na World Programming walikuwa wametengeneza mfumo mwingine unaoendesha programu za SAS bila kunakili msimbo wake. Mahakama ikasema kazi inayofanywa na programu, lugha ya programu, na muundo wa mafaili ya data havilindwi na hakimiliki ya programu za kompyuta. Kinacholindwa ni msimbo wenyewe, yaani maneno uliyoyaandika wewe.

Marekani bado wanalizungukazunguka. Kwenye kesi ya Google na Oracle, Aprili 2021, Mahakama Kuu yao iliangalia mistari takriban 11,500 ya Java ambayo Google waliitumia kwenye Android. Ikasema hata tukichukulia kwamba inalindwa, matumizi haya ni halali. Swali lenyewe likarukwa tena.

Jahazi latafuta bandari

Turudi kwa Clipper. Mwaka 1992 Computer Associates waliinunua Nantucket. Muongo ule Windows ikapanda, DOS ikazama, na Clipper ilikuwa mtoto wa DOS. Matoleo yakapungua, kisha yakakoma. Lakini mifumo haikukoma. Duka la dawa halibadilishi programu kwa sababu tu mtengenezaji wa kompaila kachoka.

Halafu zikaja Windows za biti 64. Hizi haziendeshi kabisa programu za DOS za biti 16 bila kutumia kiigizaji. Tuseme wewe ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, mfumo wako umeandikwa kwa Clipper mwaka 1993, na kompyuta ya zamani imeungua. Unanunua mpya, unabofya .exe, unapata ujumbe wa kukataa. Data bado unayo: faili la .dbf ni jepesi kiasi kwamba hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika programu ya kulisoma. Rekodi iliyofutwa, kwa mfano, haiondoki. Inawekewa tu alama ya nyota kwenye baiti yake ya kwanza. Lakini jinsi ya kukokotoa riba, nani anapata mkopo, faini inaanza lini, hayo yote yamo ndani ya programu. Na lugha ya programu hiyo haina kompaila hai.

Machi 1999, Antonio Linares wa Hispania, mtu aliyekuwa akifahamika vizuri kwenye jamii ya watumiaji wa Clipper, alianzisha mradi wa kuandika kompaila mpya kabisa ya lugha hiyo, iliyo huria. Akaiita Harbour, yaani bandari. Merikebu zinapochoka na bahari, si zinatia nanga bandarini?

Walilazimika kuwa waangalifu. Msimbo wa Clipper ni mali ya mtu, hawakuruhusiwa kuugusa. Walichoweza kufanya ni kuangalia tabia: chukua programu moja, ipitishe Clipper, ipitishe Harbour, linganisha majibu. Na jina Clipper nalo ni alama ya biashara ya mtu, hawakulitumia. Hapo umeshaona vitu vitatu tofauti: lugha, msimbo na jina. Watu wengi huvichanganya.

Unga ni wa nani?

Sasa tuje kwenye swali la pili, na hapa ndipo penye utamu.

Fikiria mashine ya kusaga. Unapeleka mahindi yako, mwenye mashine anakusagia. Unga ni wako. Hajawahi kutokea mwenye mashine akakufuata nyumbani kukupangia nani umgawie ugali. Kompaila nyingi ziko hivyo: msimbo wako unaingia, programu yako inatoka.

Ila Harbour ni mashine yenye tabia ya peke yake. Inapochukua faili lako la .prg, haitoi moja kwa moja lugha ya mashine. Inatoa faili la lugha ya C lenye maagizo mafupimafupi ndani yake. Maagizo hayo yanahitaji mtu wa kuyaelewa wakati programu inaendeshwa, ndiyo maana Harbour inaunganisha kwenye .exe yako injini yake ndogo, pamoja na maktaba za kufungua .dbf, kupanga tarehe, kuandika kwenye kioo na kadhalika. Yaani mwenye mashine amechanganya unga wake kwenye gunia lako. Huwezi kuutenganisha.

Na unga huo una leseni. Harbour walichagua GPL, leseni ya GNU ambayo msingi wake ni huu: tumia, badilisha, sambaza, lakini ukisambaza kazi yenye msimbo wangu ndani, mpe unayempa haki zilezile nilizokupa mimi, pamoja na msimbo wote. Ni leseni nzuri, ndiyo imeilinda Linux mpaka leo. Lakini ingetumika kavukavu hapa, kila aliyejenga mfumo wa mishahara kwa Harbour na kuuza nakala moja angelazimika kumpa mteja msimbo wake wote, tena akiwa na ruhusa ya kuugawa atakavyo. Kwa watu waliokuwa wakiishi kwa kuuza mifumo hiyo, bandari ingegeuka kuwa mtego.

Angalia nimesema "kusambaza". Ukijiandikia mfumo wa ofisini kwako na usimpe mtu wa nje, GPL haikudai chochote. Watu wengi hapa hushikwa na woga bila sababu.

Harbour hawakuwa wa kwanza kukutana na fundo hili. GNU Bison, programu inayokuandikia msimbo wa kuchambua lugha, hunakili kipande chake kikubwa ndani ya msimbo inaokupa. Kabla ya toleo la 1.24, kilichotoka kwenye Bison kiliweza kutumika kwenye programu huria tu. Baadaye wakaongeza ruhusa maalum. Kompaila ya GCC nayo ina ruhusa kama hiyo kwa maktaba zake zinazoingia ndani ya programu yako.

Harbour wakafuata njia hiyo. Chini ya GPL wakaongeza aya inayosema, kwa ufupi: ukiunganisha maktaba za Harbour na mafaili yako kutengeneza programu, kitendo hicho peke yake hakiifanyi programu yako iwe chini ya GPL. Unga tumechanganya, lakini gunia ni lako. Ila ukiibadilisha mashine yenyewe na kuisambaza, mabadiliko hayo uyatoe kwa masharti yaleyale.

Kuna sharti jingine ambalo wengi hulipita. Ruhusa hiyo inahusu msimbo uliotolewa kwa jina la Harbour tu. Ukichukua kipande cha GPL kutoka mradi mwingine ukakipachika ndani ya Harbour, ruhusa haikifuati kipande hicho. Kipande kimoja kilichookotwa bila kuangalia leseni yake kinaweza kumtia matatani kila anayekitumia. Ndiyo maana miradi ya aina hii humuuliza mchangiaji: msimbo huu umeuandika wewe, au umeutoa wapi?

Ndugu wawili, hatima mbili

Ukitaka kuona uzito wa ile aya moja, mwangalie ndugu yake. FoxBASE ilikua ikawa FoxPro, na mwaka 1992 Microsoft wakaichukua Fox Software. Visual FoxPro 9, toleo la mwisho, ilitoka 2004. Mwaka 2007 Microsoft walitangaza kwamba hakutakuwa na toleo la 10. Watumiaji waliomba sana, na vifaa vya pembeni vikafunguliwa, lakini injini yenyewe haikufunguliwa. Januari 2015 msaada ukakoma.

Lugha ile ile, .dbf zile zile. Upande mmoja, anayeandika kwa Harbour leo anaweza kukompaili msimbo wa miaka ya 1980 ukaendeshwa kwenye Linux au Windows ya biti 64, na kesho waendelezaji wakiondoka mwingine anaweza kuuchukua pale walipouacha. Hilo limeshatokea: mwaka 2001 kundi jingine lilijitenga likaanzisha xHarbour, na leseni iliwaruhusu. Upande wa pili, anayetumia FoxPro anaomba tu kwamba Windows ijayo isije ikamfungia mlango.

Wataalamu wa pande zote mbili walikuwa hodari. Kilichowatofautisha ni ruhusa.

Na wewe je?

Sasa tuongee kuhusu mradi wako wa mwaka wa mwisho, ule uliouweka GitHub.

Una faili la leseni? Kama huna, usidhani kwamba kuuweka hadharani kumeufanya kuwa huria. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kwa Tanzania Bara, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kwa Kenya. Ulinzi unaanza ukishaandika, hata usiposajili. Kwa hiyo bila leseni, haki zote umezibakiza wewe. Mtu anaweza kuusoma msimbo wako, lakini akiutumia kwenye zahanati ya kijijini kwao yuko mahali pabaya kisheria, hata kama wewe ungefurahi.

Na kabla ya kuanza kazi kwa lugha au kifaa chochote, jiulize matatu. Kuna kitu cha kifaa hiki kitakachoingia ndani ya programu yangu? Kama kipo, kina leseni gani na ruhusa gani? Na mwenye kifaa akifa, akiuza kampuni au akichoka, nani ana haki ya kuendelea?

Halafu kuna la mwisho, ambalo halihitaji hata mwanasheria. Harbour inaweza kumwokoa yule mhasibu wetu wa chama cha akiba ikiwa tu faili za .prg zipo. Kama fundi aliyejenga mfumo aliacha .exe peke yake na kuondoka na msimbo, hakuna bandari itakayompokea. Kwa hiyo ukimjengea mtu mfumo, kubalianeni mapema nani anabaki na msimbo, na muandikiane. Ukijengewa, uulizie siku ya kwanza, kabla hujamaliza kulipa.